Panya wa Taipu

Mama Billy,

Chai iko kwa themosi. Samaki wa omena nimewafunika, paka wa jirani anajua kufunua.

Asubuhi Dani wako, yaani mimi nyanya wa Billy, aliona haya kuwaambia akina mama wa maombi kwamba mkaza mwanawe hufanyia kazi ya ofisi chumbani, wasiseme unashinda nyumbani bure. Akadanganya umeenda tauni, huko mjini kazini. Mashine yako ya taipu ikalia chumbani katikati ya sala, akasema ni panya. Mzee mzima! Mama Mbula, mmoja wao, akaingia chumbani na ufagio, akakukuta.

Ukapeleka kazi yako mjini bila hata kuonja chai. ~~Nawe ungepumzika kidogo tu.~~ Dani ameenda mtaani Gatina kuwaambia hao akina mama kwamba panya huyo ndiye anayetulisha. Maombi yahamie kwa Mama Mbula, wewe ufanye kazi hapa.

Ukirudi, piga taipu kwa nguvu.

Dani wa Billy, mwenye panya