Kamba Anayenifunga

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, wifi na watoto. Huku tu wazima kabisa, na natumaini kile kikohozi cha wifi kimemwachia. Mimi nimenenepa kidogo, lakini usimtangazie mtu.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ya kufanya nini hasa. Filamu za watoto zinaletwa kwa Kiingereza, mimi nazigeuza maneno, halafu waigizaji wanaingia kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani na kutia sauti za Kiswahili. Ilikuwa raha tupu, mpaka tulipokwama kwenye neno moja: shrimp.

Filamu yenyewe ni ya babu anayevua kamba na mjukuu wake, binti mwenye mwili mdogo kuliko umri wake. Waingereza humwita shrimp yule kamba wa baharini, na humwita hivyo pia mtu mwenye umbo dogo. Ukilisema kwa dharau ni tusi. Ukilisema kwa mapenzi ni jina la kumbembelezea mtoto. Babu anamwita mjukuu hivyo filamu nzima. Mwishoni, mnunuzi anapotaka mzigo wote, babu anamshika mtoto bega na kusema shrimp wote chukua, isipokuwa huyu. Hapo ndipo watu wanapotoa vitambaa.

Nikaandika "kamba". Msimamizi alicheka hadi akavua miwani. Akaniuliza watu watamtazama mtoto au watatafuta mbuzi wa kufunga? Fundi mitambo naye akadakia kwamba kwao kamba ni uongo, mtu akikudanganya amekupiga kamba. Nikajaribu "kapunje". Tamu, lakini mzaha wa mwisho ukafa, maana punje haivuliwi baharini. Msimamizi akasema, tena kwa upole, kwamba mstari ule usipokaa sawa filamu atampa mtu mwingine. Kaka, usiku ule nililala na kamusi kitandani.

Sauti ya babu ilikuwa inatiwa na mzee mmoja, mgeni wa kazi hizi. Ana sauti nzito inayojaza chumba, ila mwanzoni alisoma kama anatangaza msiba. Nikakaa naye, nikamweleza neno lile lilivyo kwa wenyewe, kwamba lina utani na mapenzi kwa pamoja. Akafikiri, kisha akauliza kama babu wa filamu anamtania mtoto ili yeye mwenyewe asilie. Nikamjibu ndiyo. Papo hapo nikaona nilikuwa nalikimbia neno "kamba" kwa wingi wa maana zake, kumbe nilichohitaji ni wingi huo huo. Nikaandika upya. Mzee akaenda kwenye maikrofoni, akasoma taratibu:

"Kamba wote chukua. Huyu niachie. Huyu ndiye kamba anayenifunga nyumbani."

Msimamizi alimwomba arudie. Hakukuwa na kosa. Alitaka tu kusikia tena.

Sasa hili lisome umekaa. Mzee huyo ni Baba.

Unajua alivyokuwa tangu astaafu kutangaza treni stesheni na Mama akatutoka: pazia limefungwa, simu zako hapokei, neno moja kutwa nzima. Nilimdanganya nampeleka kupimwa macho, nikamfikisha studio. Alinigombeza njia nzima ya kurudi. Kesho yake nilimkuta mlangoni, amevaa viatu, ananiuliza kama mimi kazini huwa nachelewa kila siku. Ni yeye aliyenikataza kukwambia. Aliogopa kwamba akishindwa utamwonea huruma. Mstari ule wa mwisho aliusoma ananitazama mimi kupitia kioo cha studio.

Wamempa filamu nyingine. Safari hii ni kiboko, na mazoezi anafanyia mezani. Jana ilibidi nimwombe mheshimiwa kiboko amalize kula kwanza, mboga zinapoa.

Jumapili atakupigia mwenyewe. Jifanye umeshtuka.

Nibusie watoto, na wifi mwambie namkumbuka sana.

Ni mimi dada yako,
Kitindamimba