Mashine ya Kukokotoa Imefika

Mwalimu,

Shikamoo. Usipoitika nitajua bado unaicheka ile winchi.

Maana ulinituma mjini, mimi fundi redio wako wa darasa la saba, ukasema, "Kulwa, kaniulizie mashine ya kukokotoa." Mimi nikasikia kukokota. Nikashinda juani bandarini, nikarudi Pasiansi kifua mbele na habari za winchi ya kuvutia kokoro, wavu pamoja na samaki wake wote. Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. "Hesabu, bwana mdogo. Nataka ikokotoe hesabu."

Basi imefika. Nimeichagua mwenyewe, na mji huu hauna anayejua kompyuta kunizidi, ila usiulize watu.

Mama, mjane wako, ndiye aliyenikabidhi kazi hiyo baada ya arobaini yako. Alisema nikileta mashine isiyofaa, madaftari yako ya kimo cha ziwa, miaka yote ile ya kupima kwenye jiwe kila asubuhi, yataishia kufungia karanga. Niliogopa, Mwalimu.

Tangu biashara ya nje ifunguliwe maduka yamejaa. Mwenye duka akanionyesha makasha mawili yanayofanana kama mimi na pacha wangu Doto. Moja lilikuja na skrini ya rangi na michezo ya magari. Unakumbuka tulivyobishania skrini ya rangi, mimi naitaka, wewe huitaki. Mkono ukaniwasha. Lakini nikauliza swali lako: "Ubongo wake una sehemu yake ya kukokotoa desimali, au unahangaika?" Akakohoa. Nikachukua la pili, lenye sehemu hiyo na kumbukumbu kubwa. Skrini yake haina rangi hata moja. Furahi.

Mfumo wa madirisha na picha nao nimeukataa. Ulisema unakula kumbukumbu kwa kujipamba, hesabu zinalala njaa. Nimeweka ule wa skrini nyeusi: unauandikia amri, nao unatii. Kuliko mimi.

Nikaingiza programu yetu, ile uliyonifundisha kwa penseli kabla hatujawa na mashine. Nikaingiza madaftari yote. Ikaenda vizuri, halafu ikagoma. Kumbe ni siku tuliyokuzika. Hakuna aliyeshuka kupima. Hata mimi.

Ningeweka sifuri, ingeendelea. Kidole kilikuwa tayari. Nikakusikia: "Sifuri ni jibu, Kulwa. Kutojua si jibu." Nikaandika mstari mwingine wa programu, iiruke siku hiyo. Ikairuka. Mimi bado.

Sasa inachora jinsi maji yanavyopanda na kushuka, na mstari unafanana na ule uliouchora kwa mkono. Nilitaka kukuita uone. Niligeuka kabisa kwenye kiti.

Lala salama, Mwalimu. Nakuahidi kila asubuhi nitashuka kwenye jiwe, mvua isinyeshe au inyeshe, nipime, niandike. Na nikifika nitasema shikamoo. Nafasi ya marahaba yako nitaiacha wazi. Sitaweka sifuri.

Kulwa wako