Eda Iliyopita Siku Zake

Karungu, Migori
18 Septemba 2025

Mpendwa Dada Shamima,

Assalaam alaykum. Magoti yako yanasemaje siku hizi, na presha imeshuka? Watoto wa Yassir wamepona kikohozi? Mimi nipo. Nikisema nipo namaanisha hivyo tu. Ile sijambo ya kwenye simu iweke kando kwanza.

Utashangaa naandika na simu ninayo. Kwenye simu nakudanganya, dada. Ukiniuliza hali, ulimi unajibu Alhamdulillahi kabla sijafikiri. Karatasi hainiharakishi. Suleman wa lori atakuletea mpaka mlangoni, mpe chai.

Eda ya marehemu mume wangu Faruk iliisha mwisho wa Mei. Ulihesabu siku, na mimi nikahesabu. Nikakuambia nimetoka, nimefungua duka, nauza vitenge kama zamani. Si kweli.

Unamkumbuka Rispa, yule mwenye kibanda cha chakula mkabala na duka letu. Juni alikuja mlango wa nyuma akaniuliza, "Nyar Mombasa, dini yenu bado haijakuachilia?" Ndivyo anavyoniita, binti wa Mombasa. Nikamjibu bado kidogo. Aliniamini papo hapo, maana hata kwao Wajaluo kuna chola, mjane haingii ovyo kwenye nyumba za watu mpaka siku zake zitimie. Akawaambia wanawake wa soko lote. Wakawa wanapunguza sauti wakipita dirishani kwangu, na asubuhi nakuta samaki kwenye sahani, amefunikwa.

Basi kwako nimetoka, kwa Rispa sijatoka. Mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya marobota ya vitenge, natazama ukuta. Usidhani nilikuwa nalia. Nililia siku ya mazishi tu. Baadaye sikusikia kitu, si njaa, si uchungu. Wale samaki nilikula kwa sababu walikuwepo.

Miezi miwili ilipita hivyo. Siku moja Suleman akala kwa Rispa, mazungumzo yakafika kwenye eda, akamtajia: miezi minne na siku kumi. Rispa akavuka barabara na aproni yake. Nilingoja aniseme. Alisimama tu pale mlangoni. "Suleman amenihesabia siku," akasema. "Vaa viatu, twende mpaka ziwani turudi. Kuongea si lazima."

Niliona aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa kama ya mtu mwingine. Viatu sikuwa navyo ila ndara za bafuni, kwa hiyo nikavaa raba za Faruk. Hebu fikiria, buibui na raba namba arobaini na tatu. Rispa alitazama, akameza kicheko, akatangulia.

Tangu hapo ni kila asubuhi baada ya kuuza chai yake. Tunapita wanapoanika omena, dagaa wa huku, tunafika mwisho wa ufuo, tunarudi. Wiki ya kwanza nilimchukia. Siku ya tano nikavua raba nikakuta lengelenge kisiginoni, na lilikuwa linauma. Nilikaa kitandani nikilibonyeza kwa kidole, nikabonyeza tena. Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu Januari.

Alinipeleka na zahanati, kwa miguu pia. Muuguzi akaniambia huzuni yangu imeshakuwa ugonjwa, akataka nirudi kwake kila wiki mbili, na matembezi nisiyaache. Akasema hayataniponya peke yake, ila mwili ukichoka vizuri usingizi hurudi, na kichwa hupata nafasi. Usingizi umerudi kidogo. Duka nafungua saa tatu, nafunga nikichoka.

Sasa hili la wewe na Kaka Yassir kuja mwezi ujao kufunga duka na kunichukua. Najua mnanionea huruma. Lakini Alhamisi iliyopita upepo ulileta harufu ya omena, ile Faruk aliyokuwa akifungia madirisha na kunung'unika, nikasimama katikati ya njia nikalia mpaka kamasi. Rispa hakuniambia ninyamaze. Alishika ncha ya mtandio wangu usipeperuke, akangoja. Halafu tukamalizia njia.

Nimeanza kulia, dada, na nimeanzia hapa. Mkinichukua sasa naogopa nitarudi kwenye ule mkeka, safari hii nyumbani kwako, na wewe utakuwa unaniuliza hali nami nikijibu Alhamdulillahi.

Nisalimie Kaka Yassir, mkewe Sumayya na watoto wote. Rispa anakusalimu, anasema samaki wako yupo. Mola akulinde na akupe wepesi wa magoti.

Njooni, ila usilete begi la kunihamisha. Niletee raba, namba thelathini na nane. Za Faruk nataka kuziosha niziweke.

Mdogo wako akupendaye,
Kultum