Anataka Niende Kwake Nikalijaribu Godoro

Jumatatu, tarehe 9. Asubuhi ya mawingu mazito, manyunyu yalianza kabla sijafungua dirisha.

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Nisamehe kuanza na hali ya hewa, ni mazoea ya shajara. Leo shajara imenishinda, ndiyo maana nakuandikia wewe, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Nina miaka thelathini na minne, nimeokoka, ni mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno, na naishi na dada yangu mkubwa aliyenilea, yeye chumba chake na mimi changu. Godoro langu lina bonde katikati na mgongo unaniuma hadi kuinama kuokota kadi ya mgonjwa ni kazi, lakini kila mwaka najiambia godoro jipya nitachagua na mume wangu, la nini kununua la mtu mmoja. Basi niliingia katika kikundi cha mtandaoni cha Wakristo wanaotafuta wenzi, nikakutana na kaka mmoja fundi wa lifti, kikundini wote tunamwita Mtumishi kwa jinsi anavyoomba, na Shangazi, ukimsikia utalia, kila alfajiri ananitumia sauti yake akiniombea mimi, dada, hata mgongo wangu, nami nikasema mtu anayemwita Mungu namna hii hawezi kuwa mwongo. Hatujaonana hata kwa video kwa sababu kamera ya simu yake ilipasuka zamani.

Mwezi huu amehamia mji wetu kikazi, tukakubaliana tukutane duka la magodoro, tuchague la ndoa yetu. Nilifika, yeye hakufika, akasema lifti imekwama na watu wako ndani. Nikabaki nabonyezabonyeza magodoro, muuzaji akanicheka.

“Dada, godoro halijaribiwi kwa kidole kama embe. Vua viatu ulale.”

“Mbele za watu?”

“Hawa wote wamekuja kulala, hakuna aliyekuja kukutazama. Lala ubavu unaolalia kwako, usinilalie kama maiti.”

Nikalala. Akaniambia nipitishe mkono kati ya kiuno na godoro: ukipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno, nyonga zikizama na kujigeuza kukawa shida, ni laini mno. Ndiyo kwanza mgongo wangu umetulia nikasikia, “Bwana asifiwe! Harusi lini, mbona hatuna habari?” Mke wa kiongozi wa kwaya amesimama juu yangu, mto kwapani. Niliinuka na kutoka mbio, nikafika mlangoni na kiatu kimoja.

Nilipomsimulia Mtumishi akasema, “Umeona? Mambo ya kitanda si ya kuanikwa. Mimi nimeshanunua godoro. Njoo kwangu Jumamosi ulijaribu kwa nafasi, likiwa gumu nitalirudisha.” Akanitumia picha ya chumba, kitanda cha mbao, godoro jipya bado lina nailoni. Nikamuuliza kama nije na dada. Akasema, “Dada yako ana macho ya kuhukumu. Njoo peke yako, tutaanza kwa maombi.” Nikasita, akanikumbusha yule mjane wa kwenye Maandiko aliyekwenda usiku akalala miguuni pa mwenye shamba, na Mungu akambariki kwa ndoa. “Imani yako iko wapi, mpenzi?”

Nimemwambia dada kwamba Jumamosi nina semina kanisani, na sijawahi kumdanganya hivi tangu anilipie kidato cha nne. Jana alinigongea ukuta, “We mtoto, una nini? Unajigeuza kama samaki kikaangoni!” Nikasema mgongo. Si mgongo, Shangazi, ni moyo, unanidunda nikiwaza kwenda na unanidunda nikiwaza kumkosa mume niliyemwomba miaka yote hii. Nikikataa nitakuwa sina imani? Jana usingizi ulinichukua saa tisa na robo usiku.

Mpokea Wagonjwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeruka foleni kwa sababu Jumamosi haitatungoja.

Usiende.

Sasa pumua, tuzungumze. Kutamani mume si dhambi na wala hujachelewa. Lakini uliona haya kulala na nguo zako zote mchana kweupe, muuzaji pembeni na mke wa kiongozi wa kwaya kakusimamia, sasa unaona afadhali kujifungia chumbani na mwanamume usiyemjua sura! Aibu yako imekushika mkono ikakuelekeza mlango mbaya. Pale dukani palikuwa salama kwa sababu watu walikuona.

Kamera ya simu imepasuka, sawa. Picha ya chumba ameipiga kwa nini, kwa kijiko?

Na yule mjane tumsome vizuri. Aliyemtuma ni mkwewe, aliyejua anakwenda wapi na kwa nani. Mwenye shamba alikuwa jamaa wa familia, mji mzima unamjua, na kulipokucha alikwenda langoni kulimaliza jambo mbele ya wazee. Wewe anayejua uendako ni nani? Mtu anayekutolea Maandiko huku amekata kipande chenye mashahidi, mwogope. Sauti nzuri ya kuomba ni kipaji, mwanangu, si cheti cha tabia. Na kumpima mtu si kukosa imani; tumeagizwa kupima kila roho, sembuse fundi wa lifti.

Muulize anasali kanisa gani na mchungaji wake ni nani. Namba ya kanisa itafute mwenyewe, usipige atakayokupa yeye. Picha yako, anwani yako na ratiba yako ya kazi usimtumie tena. Kisha mwandikie hivi: “Jumamosi siji nyumbani. Tukutane dukani mchana, nitakuja na dada.” Ukishatuma, nyamaza. Usimwombe radhi, usimwekee maelezo marefu. Mwanamume mwema akiambiwa dada anakuja, huuliza dada anapenda chai ya sukari au isiyo na sukari. Akinuna, akikutishia Mungu, akikumbuka lifti nyingine iliyokwama, mfute simuni na uwaarifu wanaoongoza kikundi, maana wewe si wa kwanza kuombewa mgongo.

Godoro nunua, aje asije. Muuzaji alikufundisha vizuri, rudi ulale bila haraka hata kwaya yote ipite. Aliyekwambia mgongo wa mwanamke asiyeolewa hauumi ni nani? Mume akija atalikuta.

Lakini kabla ya duka na kabla ya ujumbe, lipo la leo. Dada yako amekugongea ukuta. Inuka ukamgongee mlango, umwambie semina haipo.