Ulikuwa Mkono Upi?

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote niambie: goti linaendeleaje? Shemeji alituambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, lakini shemeji akitaka kututuliza huwa haoni taabu kuongeza chumvi. Niandikie ukweli wako mwenyewe.

Sisi hatujambo. Paa la jikoni tumeliziba hatimaye. Mama macho yanamsumbua, ila masikio yake yamebaki ya ujana, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Hili ninalotaka kukwambia hapaswi kulisikia.

Kazini bado niko pale pale, msimamizi wa ofisi kwenye kliniki ya meno. Mwezi uliopita tulitafuta mtu wa mapokezi, tukakaa watatu kuwasaili waombaji: daktari mwenye kliniki, mhasibu na mimi. Nikueleze desturi yetu, maana ndiyo iliyoniponza. Karatasi yetu ya alama ina mistari mitano, na wa kwanza ni mwonekano. Huo tunaujaza mtu akiwa bado mlangoni, kabla hajakaa. Daktari anasema mgonjwa naye huamua akiwa mlangoni. Miaka sita nimeujaza hivyo na roho haikuwahi kunisuta.

Wa nne alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa. Alivaa blauzi ya mikono mirefu, lakini kwenye mkono mmoja majani ya kuchorwa yalitokeza chini ya pindo, yakashuka hadi kwenye vifundo vya vidole. Michoro ya kudumu, ile ya sindano. Mhasibu akaninong'oneza, "Huyu katokea bustanini?" Nikacheka. Nikaandika sifuri. Unanijua, dada, sijawahi kuipenda michoro hiyo. Nilijisemea kwamba mtu asiyeihurumia ngozi yake hawezi kulihurumia jino la mwenzake.

Alijibu maswali vizuri kuliko wote. Tena kabla hajaitwa nilimwona kwenye benchi, amekaa na kitoto cha kike kilichokuja kung'olewa jino. Kitoto kilikuwa kinalia mpaka pumzi inakatika. Akakipa mkono wake, kikaanza kuyafuata majani kwa kidole, jani baada ya jani, kikanyamaza. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na bado sifuri yangu ikabaki. Tuliajiri mwingine, ambaye hana alama hata ya chanjo, na simu za wagonjwa zinaita mpaka zinachoka zenyewe.

Wiki moja baadaye nilikuwa natoboa zile fomu za maombi ya kazi ili niziweke kwenye faili. Nyuma ya fomu kuna swali ambalo hakuna anayesoma majibu yake: "Je, una alama inayoonekana mwilini? Eleza." Alikuwa amejibu kwa mwandiko mdogo ulionyooka: "Niliungua maji ya moto nikiwa na mwaka mmoja. Kovu liliwafanya watu wageuze uso, nikalichorea majani. Mkipenda nitavaa glavu."

Nikakaa chini, dada. Hesabu mwenyewe. Kitumbo naye anatimiza ishirini na tisa mwaka huu.

Wewe na mimi hatujawahi kulitaja jina hilo tangu tulipoondoka kwenye nyumba ile. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo naliandika. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, wewe ukipika, mimi nikimlea mtoto, wiki ya saba tu tangu tuanze kazi za ndani pale. Birika la maji ya moto nililiweka mimi kwenye meza fupi, juu ya kile kitambaa kilichoning'inia, nikaenda kwenye kioo. Nilikuwa nimetobolewa masikio siku tatu kabla, na nilitaka kuvigeuza vile vijiti vya ufagio ili matundu yasizibe, vijiti vile vile ulivyonitania mpaka vikawa jina langu. Nilikuwa bado najitazama nilipomsikia mtoto, kumbe amekivuta kitambaa. Wewe ulifika kwanza kutoka jikoni. Mama mwenye nyumba alipoingia, ukasema ni wewe uliyeliweka birika pale. Tulifukuzwa wote wawili, lakini matusi uliyabeba peke yako.

Jina lake halisi hatukulijua. Nyumba nzima ilimwita Kitumbo, na baba yake tulimwita Mwalimu, basi. Kwa hiyo majina kwenye fomu hayaniambii kitu. Huenda ni yeye. Huenda pia watoto walioungua ni wengi, na mimi najitafutia mzigo usio wangu. Lakini tangu siku ile naogopa. Mlango wa ofisi ukifunguliwa natazama mikono kabla ya uso. Mgonjwa akilia kwenye kiti cha daktari nasikia kilio kile kile, na najikuta nimeshika hereni. Nimezivua. Mama alinipapasa sikio akauliza kama nimeziuza.

Nilimpigia simu yule binti. Nikamwambia mimi ni yule mama aliyekaa karibu na dirisha, nataka kumuuliza kuhusu kovu lake, nani alimuunguza. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, siku ile nilikaa mbele yenu nikingoja mniulize. Hamkuuliza. Sasa sifanyi kazi kwenu, kwa nini nikueleze mambo ya mwili wangu?"

Nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini?"

Nikabaki naigeuzageuza fomu yake mezani. Akanitakia siku njema, akakata.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Nimemwambia daktari kwamba ule mstari wa kwanza nitaujaza mtu akishamaliza kusema, la sivyo waujaze wao. Akaniuliza, "Siku hizi umekuwa wakili?" Michoro bado siipendi, sikudanganyi. Mtu akija amejichora tusi kwenye paji la uso nitamkataa hata leo, na kucha chafu kwenye kliniki ni kosa. Lakini jani ni jani tu. Kama linanikera, nina mdomo, niulize limeotaje.

Msalimie sana shemeji na zile chumvi zake. Kifaranga wako mwambie mama mdogo bado anangoja picha ya meno yake mapya. Mama anakuombea kila asubuhi, tena kwa sauti, majirani ni mashahidi. Mungu akutengenezee goti lako na akurudishe kwetu ukitembea.

Nina ombi moja. Wewe ndiye uliyembeba Kitumbo hadi kwenye bomba, ukamshikia mkono chini ya maji. Mimi siku nyingine nakumbuka wa kulia, siku nyingine wa kushoto, na kumbukumbu yangu siiamini tena. Niandikie ulikuwa mkono upi. Wenye majani nimekuficha makusudi. Ulishawahi kudanganya ili kuniokoa, dada, na safari hii nakuomba usinihurumie.

Mdogo wako, anayekupenda na kuingoja barua yako,

Vijiti