Pua ya Mzee wa Bucha

Shoga, mjukuu wangu amenipigia sasa hivi, analia. Baba mkwe wake, yule mwenye bucha, leo asubuhi alileta nyama ya wageni.

Mjukuu wangu akamwambia, "Baba, hii inanuka." Mzee akainamia sufuria, akanusa. "Ya leo hii! Mimi ndiye wa kufundishwa nyama?"

Mjukuu wangu akaipika. Angemkatalia vipi mkwewe? Akajaza tangawizi na vitunguu saumu, wapi!

Wageni walitema, shoga. Walitema mezani! "Mzee, unatulisha mzoga?"

Mzee akanusa sahani, akanusa tena. "Mwanangu, nyie mnasikia harufu?"

"Tunasikia, baba."

"Mimi sisikii kitu. Na asubuhi nimeuzia mtaa mzima."

Akawapigia wateja mmoja mmoja, mpaka usingizi ukamchukua kitini, simu mkononi.