Gauni Lililo Kwenye Kioo

Njombe, 3 Juni 2025

Mdogo wangu Dorosela,

Kamwene. Huku baridi imenikaa magotini, ila nakula. Presha yako vipi? Haya.

Ile siku nilivyoondoka pale makumbusho yenu ya michezo bila kuaga vizuri, nikasema tumbo, halikuwa tumbo. Ni lile gauni. Wameliweka kwenye kioo, bluu yangu ileile, chini Janeth kanisomea: "Dorosela, mshindi wa mbio za Saba Saba." Basi! Idda hayupo. Gauni nimeshona mimi kwa mkono, kitambaa nimenunua kwa viazi vyangu, ili nikimbie mimi. Ni mwanangu Abrahamu tu aliamua kuzaliwa wiki ile, mama akasema mzazi hatoki nje. Nilikuazima, Doro, sikukupa! Nikamwambia yule binti wa makumbusho, funua pindo, ndani kuna kipande cha kitenge cha mama, kitambaa kilipungua. Eti, "Bibi, usiguse kioo." Mimi! Na wewe pembeni unachekacheka na wageni, unawaonyesha kisigino, eti ndicho kilichoshinda. Kisigino hicho nilikuwa nakiacha nyuma kila tukienda mtoni. Na yale maparachichi uliyonifungashia yalikuwa na nyuzi. Janeth, hiyo nayo iandike.

Dada yako Idda
(ameandika mkamwana wangu Janeth)

Makambako, 19 Juni 2025

Dada Idda,

Shikamoo. Presha ipo, natembea nayo.

Nimesoma nikacheka, halafu sikucheka tena. Gauni lilikuwa linanipwaya, dada. Nilikimbia nimelishika kiunoni njia nzima, naona kama wewe ndiye unanifukuza. Nafika nyumbani na kikombe, mama anasema nini? "Angekimbia Idda, saa hizi tungekuwa tumeshakula." Kikombe akakifanya cha kuwekea chumvi. Wewe umelala unanyonyesha, umeshinda bila kutoka kitandani! Wivu ule ninao mpaka leo.

Nimewaambia wafunue pindo na jina lako waandike, la sivyo nachukua gauni. Wamekubali. Wanatutaka wote wawili tupigwe picha Jumamosi ya tarehe 28. Mwanangu Praygod atakufuata na gari asubuhi. Usipokuja nasimama peke yangu, na kisigino naonyesha.

Mdogo wako Dorosela

Njombe, 28 Juni 2025

Mdogo wangu,

Kamwene. Praygod akifika nampa barua hii akuletee, maana siji.

Mama alisema hivyo kweli? Mbona mimi hakuniambia? Miaka yote nilikuwa sipiti jikoni kwake ili nisikione kile kikombe. Kumbe chumvi! Angenitamkia mara moja tu, mimi nimekaa na mtoto... Haya. Siji. Nipigwe picha na magoti haya? Na wewe utavaa kile kitenge cha harusi ya Noela, nakujua, mimi nionekane nimekuja kukubebea mkoba. Jina langu liwe juu. Siyo pembeni, Janeth, andika juu. Na pindo wafunue taratibu, wasije wakachana, uzi ule ni wa

Nani anapiga honi? Praygod? Mwambie azime, anaunguza mafuta bure. Janeth, weka kalamu. Kilemba changu kiko wapi? Siyo hicho. Cha bluu.